Watu Tisa na Mjomba Mmoja

Ninyi mnaoshika maiki sasa katika mabanda ya video ya Arua na Koboko, mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi. Nimeandika. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo atakayecheka herufi zangu acheke akimaliza kusoma, si kabla. Nani alilipwa nini hamtakuta humu. Nitaeleza kazi yenyewe, na zaidi ile filamu ya watu tisa, kwa sababu kila mmoja wenu anaisimulia na kila mmoja anaikosea.

Kwa asiyeijua, kazi ya vijei ni hii. Filamu inaongea Kiingereza, banda limejaa, na nusu ya waliokaa kwenye mabenchi hawakijui. Wewe unakaa pembeni ya skrini na maiki unawaambia kinachosemwa. Kwetu tunasema kwa Kiswahili, maana benchi moja utakuta Mlugbara, Mkakwa, Mnubi kama mimi, Mkongo aliyevuka kununua sabuni na Msudani anayetafuta jamaa zake. Ukichagua lugha ya mmoja, wanne wananuna. Kiswahili hapa hakina mama, kwa hiyo hakimuudhi mtu.

Kiingereza nilikipata Ediofe, jikoni. Nilikuwa mpishi wa mume na mke Wazungu waliokaa chini kidogo ya kanisa kuu. Walikuwa wagomvi wale. Asubuhi waligombana juu ya mayai, jioni juu ya mama mkwe, na mimi naosha sahani huku nimetega sikio. Nilijua kusema "wewe mwongo", "ulikuwa wapi" na "usiniguse" kabla sijajua kumtakia mtu asubuhi njema. Baadaye niligundua kwamba filamu nyingi hazihitaji zaidi ya hayo.

Walipoondoka nikaanza kuuza chai na chapati ndani ya banda la video hapa Arua mjini. Msemaji wa banda alikuwa Mzee Drani, aliyewahi kupiga tarumbeta jeshini. Siku moja pikipiki yake iliharibika njiani, kaseti ikawekwa hivyo hivyo bila msemaji. Mwanamke aliyekaa karibu na birika langu akaniuliza, "Mama, huyu mutu nalia kwa nini?"

Nikamwambia, "Alimuuza rafiki yake. Sasa rafiki amerudi, na hakurudi kumsalimia."

Benchi la mbele likageuka. La nyuma likapiga kelele, "Mama ya chai, ongeza sauti!" Nikaongeza. Chai ikapoa yote, chapati zikakauka, na mimi nikaongea mpaka jina la mwisho likapanda kwenye skrini. Mzee Drani alikuwa amefika zamani, amesimama mlangoni na vumbi lake. Hakunisifu. Alisema, "Wewe unaongea juu ya risasi. Usiongee juu ya risasi. Risasi inajisema." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Alinifundisha mambo mengi, mengine ya maana. Kitambaa juu ya maiki, kwa sababu mate yako si zawadi kwa mwenzio. Tangawizi mdomoni, sukari kamwe. Usikimbie mbele ya picha; mtu asife kwenye mdomo wako kabla hajafa kwenye skrini. Na kubwa kuliko yote, kila mtu wa filamu mpe jina linaloonekana kwa macho. Ukisema Richadi, watu watauliza Richadi ni yupi. Ukisema Kovu, hata aliyechelewa akaingia katikati anamwona. Majina ya Wazungu ni ya Wazungu, Mzee Drani alisema, lakini kovu ni la kila mtu.

Nyingine ilikuwa, usitafsiri filamu ambayo hujaiangalia mara mbili. Hiyo niliishika miaka mingi, nikaiacha siku moja tu. Nitafika hapo.

Kaseti zikaondoka, zikaja sidii, zikaondoka, zikaja flashi ndogo kama ukucha. Mzee Drani akafariki, Mungu amrehemu, nikakaa kwenye kiti chake. Wanaume walisema mwanamke hawezi kusema vita. Nikawaambia vita nimeviona kwa macho yangu nikiwa na mtoto mgongoni, wao wameviona kwenye video. Tatizo langu lilikuwa upande mwingine. Filamu zile, watu wakikaribiana nyuso, mimi nilikuwa nasema, "Hawa wameoana jana kwa shehe," na kusonga mbele. Vijana walipiga miluzi. Wapige. Nimeozesha watu wengi katika banda lile kuliko kadhi.

Wajukuu wa mji mzima wakawa wananiita Haboba, yaani bibi kwa Kinubi. Nikazeeka na maiki mkononi. Miguu ikaanza kuuma, nikajua kiti nitakiacha karibuni. Nilitaka jambo moja tu, nitoke mwenyewe. Nimeona wasemaji waliotolewa. Mtu ananyang'anywa maiki mbele ya watu, kisha anazunguka mjini akieleza kila anayekutana naye kwamba spika ndiyo ilikuwa mbovu.

Basi, filamu ya watu tisa.

Mwenye banda, Bwana Safi, alikuwa na banda la Arua na anajenga jingine Koboko. Ng'ambo ya barabara lilifunguliwa banda la watu wengine, na msemaji wake akawa Radi. Radi ana sauti kweli, siwezi kumnyima. Ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, anaongea kama anauza dawa ya panya. Jumamosi ya soko nikasikia spika yake inatangaza filamu mpya ya wezi, kali, itaanza saa kumi. Bwana Safi akaja anatoka jasho.

"Haboba, na sisi tunayo. Nimeipata sasa hivi. Tuanze saa tisa, tumtangulie."

"Sijaiangalia."

"Wewe? Wewe unahitaji kuangalia?"

Sifa ni sumu tamu. Nikaingia.

Filamu ni hii. Watu tisa wanaiba dhahabu ya benki. Wanaificha, na kabla ya kugawana, mmoja mmoja anakamatwa au anakufa. Kati yao yumo mtu anayewauza wenzake kwa polisi, na humjui. Anayeendesha gari ni binti, baba yake ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi zamani, akauawa. Wamo wazee watatu waliokuwa wenzake na baba. Niliwapa majina upesi: Kofia, Fimbo na Kikohozi. Mpaka hapo vizuri.

Lakini yule binti anapoongea nao, wote watatu anawaita neno moja la Kiingereza, lile la mjomba, ambalo pia ni la baba mdogo, na pia la baba mkubwa. Waingereza wana bahari na meli na ndege, neno la mjomba hawana. Wamekusanya ndugu wote wa kiume wa baba na wa mama wakawatia gunia moja. Sasa binti anasema, "Fulani, nipe ufunguo," na watu wananiangalia mimi. Nani apewe jina gani?

Nikajiona hodari. Nikasema nitawatenganisha, nisaidie watu. Fimbo ni mkali, nikamfanya baba mkubwa. Kikohozi ni mpole, nikamfanya baba mdogo. Kofia alikuwa akimtania binti, akimwibia viazi kwenye sahani, akimwambia sura yake kama ya bata. Nikasema anayetania hivi ni mjomba, hakuna mwingine. Saa nzima nikawa nasema "Mjomba, Mjomba", banda linampenda Mjomba, mimi najipenda mwenyewe.

Kisha mwisho ukafika. Mkuu wa polisi akaweka picha ya zamani mezani, na kwa Kiingereza changu cha Ediofe nikamsikia vizuri kabisa: Fimbo na Kikohozi ni marafiki tu wa marehemu, wanaitwa hivyo kwa heshima. Kofia ndiye ndugu wa damu wa baba yake binti. Tumbo moja. Alibadilisha jina. Ndiye aliyemuuza baba, na ndiye anayewauza hawa.

Nikalisema kama lilivyo, sikuwa na njia. "Mjomba ni ndugu wa baba yake."

Mzee mmoja nyuma akasema taratibu, kama mtu anayehesabu vidole: "Mjomba ni ndugu ya mama."

"Ndiyo," mwingine akasema.

"Na huyu ni ndugu ya baba."

"Ndiyo."

"Basi baba na mama ni ndugu!"

Banda likalipuka. "Haramu! Hawa watu naoa dada yao!" Wanawake wakafunika macho ya watoto. Kwenye skrini binti amemwelekezea Kofia bastola, sehemu tamu kuliko zote, na hakuna anayeangalia. Wote wanabishana kama mtoto wa ndoa ile angeweza kupata leseni ya gari. Wakatoka, wakavuka barabara kwenda kwa Radi kuuliza ukweli. Radi akawangoja watulie, akasema kwenye spika yake, mji mzima ukasikia: "Karibuni, karibuni! Kwa Haboba kaka naoa dada, hapa kwetu watu iko na adabu!"

Wiki ile sikupata amani. Nilikwenda soko la Inde kununua mihogo, muuzaji akanipimia huku amekaza midomo, kisha akashindwa. "Haboba, yule binti alizaa?"

Bwana Safi hakucheka. Alinijia nyumbani, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Alhamisi nafungua banda ya Koboko. Filamu ni hiyo hiyo, matangazo nimekwisha bandika. Haboba, nakuheshimu kama mama. Lakini ikiharibika tena, maiki nampa Radi. Nimeongea naye."

"Umeongea naye kabla ya kuongea na mimi?"

Akaangalia viatu vyake. Nikajua kiti changu kimebakiza siku nne.

Nilikwenda Manibe kwa binti yangu, ambako kuna umeme wa jua na televisheni ndogo. Nikaiangalia mara nne. Siandiki haraka, kwa hiyo nilichukua ungo nikaweka mbegu tisa: maharagwe ya aina tatu, karanga, mahindi, mbaazi, kunde, na nyinginezo nilizozipata jikoni. Kila mtu mbegu yake. Wakikutana wawili kwenye filamu, nazisogeza pamoja. Akisema uongo, namgeuza. Aliyekufa namtafuna, maana namna hiyo huwezi kusahau kwamba amekufa. Mwizi mmoja mwenye kovu alikuwa karanga, akafa mapema, namshukuru.

Sasa niwaambie ninavyoiona filamu ile, maana nimeila na kuimeza. Mara ya kwanza niliichukia. Mara ya pili nikaona haikusema uongo hata mahali pamoja. Kofia anakata mkate kwa mkono wa kushoto tangu mwanzo, na picha ya marehemu ukutani ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Iko pale, imetundikwa, nani alikukataza kuangalia? Mwongo katika banda lile nilikuwa mimi. Watu tisa ni wengi, lakini hakuna aliyewekwa kujaza benchi. Ukimtoa mmoja, mwingine anaanguka. Aliyecheza vizuri kuliko wote ni Kikohozi. Anaambiwa rafiki yake ameuawa, naye anaendelea kumenya kiazi, ila anakimenya mpaka kinaisha mkononi. Mtu yule anajua kufiwa.

Makosa pia yamo. Mkuu wa polisi anaeleza mno, kama mtu aliyelipwa kwa maneno. Mwanamke mwenye viatu virefu anakimbia juu ya mabati bila kuteleza. Na yale masanduku ya dhahabu wanayabeba kama pamba. Mtu wa Koboko ameona dhahabu ikivuka mpaka, hawezi kudanganywa uzito wake. Vijana wanalalamika kwamba binti hakumpiga Kofia risasi mwishoni. Aliweka bastola mezani akamwambia, taja jina la baba yangu. Kofia akashindwa. Mimi nasema hiyo ni adhabu kubwa kuliko risasi, na ambaye haoni hivyo bado hajazika mtu.

Haya yote nilikuwa nayo, na bado sikuwa na neno. Nikimwita Kofia baba mdogo tangu mwanzo, nimeuza siri. Nikimwita mjomba, tunarudi kwenye ndoa ile. Nikimwita mzee, wote ni wazee, na utani wake na binti unakufa. Siku ya tatu mjukuu wangu Zubeda, anayesomea uuguzi, akaingia na simu.

"Haboba, anko amepiga. Anakusalimu."

Neno hilo, lile lile la Kiingereza, silipendi. Nimewakataza nyumbani mwangu. "Anko ndiyo nani? Wa upande wa baba au wa mama?"

"Haboba, anko ni anko tu. Wote."

"Mtu hawezi kuwa wote! Ukisema anko nitajuaje ni yupi?"

"Si lazima ujue mara moja," akasema, akaenda kupika.

Nilikaa pale na maharagwe yangu. Kisha nikamwita, nikamwambia arudie alilosema. Akadhani nataka kumpiga.

Alhamisi Koboko ilijaa. Baada ya sala ya adhuhuri watu walikuwa wamekwisha banana mpaka mlangoni, wengine wamesimama nje wakichungulia kwenye nafasi za mabati. Habari ya kaka na dada ilikuwa imenitangulia. Nusu walikuja kunicheka. Radi alikuja pia, akakaa benchi la mbele kabisa, mikono ameikunja kifuani kama mkwe anayengoja mahari.

Nikaanza. Binti akamwomba Kofia ufunguo. Banda zima likavuta pumzi kungoja lile neno.

"Anko," nikasema, "nipe ufunguo."

Radi akainuka. "Anko gani, Haboba? Ya baba ama ya mama? Sema, watu wasikie!"

Vicheko vikaanza. Nikasogeza maiki karibu. "Hata binti mwenyewe hajauliza. Wewe una haraka gani, unataka kumposa?"

Mabenchi yalitikisika. Hata Bwana Safi pale kwenye jenereta nilimwona anashika mbavu. Radi akakaa. Tangu hapo hawakunicheka tena, walinifuata. Nilimwita Kofia anko, Fimbo anko, Kikohozi anko. Risasi nikaziachia zijiseme. Kofia alipokata mkate nilisema tu, "Anko anakata mkate," nikanyamaza kidogo, na mwanamke mmoja Mkakwa mwenye mtoto mapajani akainamisha kichwa upande mmoja, akakaza macho. Nikajua huyo ameuona mkono.

Tukafika mezani. Mkuu wa polisi akatoa picha: watoto wawili wa kiume wamesimama pamoja, mkubwa ameshika mpira kwa mkono wa kushoto, na mdogo, mwenye sura ya Kofia, ameshika jiwe kwa mkono wa kushoto. Akafungua mdomo kueleza. Mimi nikashusha maiki, nikaiweka kwenye mapaja yangu.

Sijawahi kufanya hivyo katika kazi yangu yote. Kiingereza kikawa kinapita peke yake, hakuna aliyekihitaji. Nikasikia mabenchi yanalia, watu wanasogea mbele. Halafu yule mwanamke Mkakwa akasimama na mtoto wake, akanyoosha mkono kwenye skrini.

"Baba mdogo! Ni baba mdogo yake!"

Likapita banda zima kama moto kwenye nyasi kavu. Baba mdogo! Na hapo nikaona jambo ambalo Kiingereza hakina. Kwao yule ni ndugu fulani tu aliyesaliti. Kwetu, baba akifa, baba mdogo ndiye baba. Ndiye anayekaa matangani, ndiye anayepokea mahari yako. Walipolitamka wenyewe neno lile, "baba" ilikuwa ndani yake, na kila mtu aliisikia. Mkongo mmoja wa makamo alikuwa analia waziwazi, anasema, "Mutu mubaya, mutu mubaya sana." Binti alipoweka bastola chini akamwambia Kofia ataje jina la baba yake, nililitafsiri hilo kwa sauti ndogo, na ndilo neno langu la mwisho.

Walinibeba. Sisemi mfano, walinibeba na kiti changu mpaka nje, mimi nawaambia watanivunja, wananiambia, "Haboba, nyamaza, leo sisi naongea!" Radi alikuja akapiga goti moja mbele yangu, kwenye vumbi, mbele za watu.

"Haboba, umeniua. Ulipozima maiki nilidhani umesahau. Mimi ningeongea."

"Najua ungeongea."

"Naomba unifundishe."

"Kwanza osha hicho kitambaa cha maiki yako. Nimekisikia harufu kutoka ng'ambo ya barabara."

Bwana Safi akafika, anacheka na kufuta uso. "Haboba, kiti ni chako. Cha Arua na cha Koboko. Mpaka siku ya kaburi."

Nikamwambia sitaki. Nikamwambia Radi aanze Jumamosi, na atakuja kwangu kila Ijumaa na filamu yake, tutaiangalia pamoja mara mbili, na akileta uvivu nitamrudisha kwenye dawa ya panya. Bwana Safi alidhani namtania. Alipoona sitanii alishika kichwa. Watu wakanizunguka: Haboba, utaachaje kazi leo, leo umeshinda?

Nikawauliza, "Mlitaka niache siku ipi?"